Bei Kamili ya Kifaranga Msimu wa Baridi: Mwongozo kwa Wanunuzi wa Morogoro na Milima ya Uluguru

Kifaranga wa siku moja huuzwa kwa bei inayojulikana, na mnunuzi huipata bei hiyo kwa kuuliza tu. Lakini ipo sehemu ya pili ya bei ambayo haiandikwi kwenye boksi wala kwenye risiti, nayo ni gharama ya joto litakalomweka hai kifaranga huyo hadi aote manyoya yake. Katika maeneo ya joto sehemu hiyo ni ndogo, na wengi hawaihesabu kabisa. Katika mji wa Morogoro, na zaidi katika vijiji vya Milima ya Uluguru, kuanzia Juni hadi Agosti, sehemu hiyo huwa kubwa. Asiyeilipa kwa mkaa, umeme au gesi huilipa kwa vifo.

Mwongozo huu tumeuandaa kwa ajili ya mlaji wa kawaida: mama anayeanza na vifaranga 50 nyuma ya nyumba yake Kihonda, kijana wa Nyandira aliyeweka akiba ya fedha za kabichi, au kikundi cha akiba na mikopo cha Kinole kinachotaka kununua boksi zima. Tunaeleza baridi inavyoua, namna ya kukadiria gharama ya joto kabla ya kulipa, namna ya kuwalinda vifaranga pamoja na watu wa nyumbani, na hatua za kuchukua vifo vinapotokea.

Baridi ya Uluguru ni ya namna gani

Mji wa Morogoro upo kwenye mwinuko wa takribani mita 500 kutoka usawa wa bahari, chini ya miteremko ya milima. Kilele cha Kimhandu, kwa upande wake, kinapita mita 2,600. Kwa kawaida joto hupungua takribani nyuzi 6 za sentigredi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Usiku wa Julai mjini kipimajoto kinaweza kuonesha karibu nyuzi 15. Kwa hesabu hiyo, mahali palipo mita 1,000 juu ya mji pataweza kuwa na usiku wa nyuzi 9 au 10. Kifaranga wa siku moja anahitaji nyuzi 32 hadi 35. Maana yake ni kwamba mfugaji wa mjini ana pengo la nyuzi zisizopungua 17 la kuziba, na yule wa mlimani ana pengo la nyuzi 22 au zaidi. Mkaa uliomtosha ndugu yake wa mjini hautamtosha yeye.

Aidha, milima hii ina pande mbili zisizofanana. Upande wa mashariki, wenye vijiji kama Kinole na Tegetero, hupokea pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, na mvua hunyesha karibu kila mwezi. Huko adui wa kwanza ni unyevu: matandiko hayakauki na ukungu huingia bandani. Upande wa magharibi, wenye Mgeta, mvua hupungua wakati wa kipupwe, lakini upepo na baridi ya usiku huwa vikali. Mfugaji hana budi kujua yuko upande upi, kwa kuwa tahadhari zinatofautiana.

Watafiti wa ndege wamebaini kwamba baadhi ya ndege wa misitu ya Tao la Mashariki, ambamo Uluguru imo, hushuka kutoka misitu ya juu kwenda misitu ya chini wakati wa baridi, kisha hurejea joto linapoongezeka. Ndege wa mwituni anaweza kulifuata joto liliko. Kifaranga aliyefungiwa bandani hana njia hiyo. Aliyemfungia ndiye anayewajibika kumpelekea joto pale alipo.

Kwa nini baridi ya usiku mmoja huua siku ya tano

Kuku mkubwa hudumisha joto la mwili la karibu nyuzi 41 kwa msaada wa manyoya na chakula anachokula. Kifaranga ana malaika tu, yaani manyoya laini ya utotoni, ambayo yakilowa hayashiki joto. Mwili wake mdogo hupoteza joto upesi, na uwezo wake wa kujirekebishia joto haujakomaa katika siku za mwanzo.

Kifaranga anapoanguliwa huwa na sehemu ya kiini cha yai tumboni. Kiini hicho humlisha kwa siku mbili hadi tatu, na ndicho kinachowezesha vifaranga kusafirishwa mbali bila chakula. Kifaranga akipatwa na baridi, hatumii kiini hicho ipasavyo, haendi kwenye chakula wala maji, bali hujikunyata pamoja na wenzake. Wakirundikana, walio chini hukosa hewa na kufa. Walio juu huonekana wamenusurika, lakini wengi wao hubaki dhaifu, kinyesi hugandia sehemu ya haja, na magonjwa ya kitovu na ya kuhara huwapata kwa urahisi.

Hapo ndipo mnunuzi anapopotoka. Baridi iliwapata usiku wa kwanza, na vifo vinaonekana siku ya nne au ya tano. Mwenye vifaranga hukimbilia dukani kununua dawa, au humlaumu muuzaji, ilhali chanzo kilikuwa jiko lililozimika saa nane za usiku. Lakini si kila kifo husababishwa na baridi ya bandani, kwa sababu muuzaji naye anaweza kuwa ameuza vifaranga wagonjwa. Tutaeleza mbele namna ya kutofautisha, kwa maana hapo ndipo haki ya mnunuzi inaposimama au kuanguka.

Hesabu ya kufanya kabla ya kulipa

Tuchukue mfano. Tuseme kifaranga mmoja anauzwa Sh 2,000, na mnunuzi ananunua 100 kwa Sh 200,000. Akiamua kubana matumizi ya joto na wakafa 25, waliobaki ni 75, na kila mmoja wao amemgharimu karibu Sh 2,667. Tuseme sasa mnunuzi wa pili ametumia Sh 30,000 kwa ajili ya joto na wamekufa watatu tu. Jumla yake ni Sh 230,000 kwa vifaranga 97, sawa na Sh 2,371 kwa kila mmoja. Aliyetumia zaidi ndiye aliyenunua kwa bei nafuu, na vifaranga wake wana afya. Wahenga walisema rahisi yavunja upishi.

Kila mnunuzi aifanye hesabu hii kwa bei za mahali pake. Gharama ya joto isikadiriwe kwa kubahatisha. Tunashauri banda liwashwe joto kwa usiku mmoja kamili kabla vifaranga hawajanunuliwa. Mkaa upimwe kabla na baada, au usomaji wa LUKU uandikwe jioni na asubuhi. Kiasi kilichotumika kizidishwe kwa idadi ya siku za kulea, ambazo msimu wa baridi mlimani zisikadiriwe chini ya 28. Usiku huo wa majaribio utaonesha pia iwapo banda linafikia joto linalotakiwa. Likishindwa kufika nyuzi 32 likiwa tupu, mnunuzi ameokoa fedha zake kabla ya kuzitoa.

Kuchagua chanzo cha joto

Kuku mama. Kwa mwenye vifaranga wachache, hakuna kifaa kinachomzidi kuku anayeatamia. Hata hivyo, mbawa zake zina mwisho. Kuku wa kienyeji mwenye uwezo wa kuwafunika vifaranga 12 mahali penye joto apewe wachache zaidi msimu wa baridi, ili asibaki yeyote nje ya mbawa. Usiku yeye na watoto wake walazwe ndani ya tenga, juu ya matandiko makavu, mbali na mlango.

Umeme. Balbu ya joto ya wati 250 ikiwaka saa 24 hutumia uniti 6. Kwa siku 14 ni uniti 84. Mteja wa TANESCO aliye katika kundi la matumizi madogo, linalohesabiwa hadi uniti 75 kwa mwezi, azingatie kwamba balbu moja tu yaweza kumvusha kiwango hicho, na uniti zinazozidi hulipiwa kwa bei ya juu zaidi. Aidha, taa za kisasa za kuokoa umeme hazifai kwa kazi hii. Huokoa umeme kwa sababu hazitoi joto kubwa, na joto ndilo linalotafutwa. Muuzaji anayemhakikishia mnunuzi kwamba taa hizo zitapasha banda joto anampotosha.

Mkaa. Jiko la mkaa, au chungu chenye makaa, hupatikana kila mahali na hutoa joto la kutosha. Linahitaji mtu wa kuliangalia usiku kucha, na lina hatari kubwa tutakayoieleza chini. Gesi hutoa joto linalorekebishika kwa urahisi, lakini mnunuzi ahakikishe ana mtungi wa akiba, kwani mtungi huisha bila kutoa taarifa.

Taa ya chemli. Joto lake ni dogo. Linaweza kusaidia vifaranga wachache ndani ya boksi, ila halitoshi kwa boksi zima la vifaranga 100 katika usiku wa Mgeta.

Chanzo chochote kitakachochaguliwa kiwe na mbadala wake. Umeme ukikatika, dumu la maji moto lililofungwa vizuri na kuviringishwa gunia huweza kuwashikilia vifaranga kwa saa chache. Madumu mawili, moja likipoa lingine likijazwa, ni bora kuliko moja.

Kuandaa kinengunengu

Kinengunengu, ambacho wengi mjini hukiita bruda, ni uzio wa mviringo wa bati, ubao mwembamba au mkeka, wenye kimo cha sentimita 45 hadi 60. Umbo la mviringo lina sababu: katika kona za pembe nne vifaranga hurundikana na kuuana. Kwa wiki ya kwanza, mita moja ya mraba hutosha vifaranga 40 hadi 50. Uzio hupanuliwa kadiri wanavyokua.

Sakafuni yawekwe maranda makavu au pumba za mpunga kwa kina cha sentimita 5 hadi 10. Mlimani, ambako sakafu ya udongo hupitisha ubaridi, kina cha 10 ndicho kinachofaa. Maranda yaliyonyeshewa yasitumiwe hata kama yameanikwa kwa juu. Upande wa mashariki wa milima, gunia moja la maranda makavu litunzwe ndani ya nyumba kwa ajili ya kubadilisha sehemu zinazolowa kuzunguka vyombo vya maji.

Joto liwashwe saa 24 kabla vifaranga hawajafika, ili sakafu nayo ipate joto. Kipimajoto kiwekwe kwa kimo cha mgongo wa kifaranga, yaani sentimita 5 juu ya matandiko, pembeni kidogo ya chanzo cha joto. Kipimajoto kilichotundikwa ukutani husema habari za mtu aliyesimama, si za kifaranga. Viwango vinavyofaa ni hivi:

Wiki ya 1: nyuzi 32 hadi 35.
Wiki ya 2: nyuzi 29 hadi 32.
Wiki ya 3: nyuzi 26 hadi 29.
Wiki ya 4: nyuzi 23 hadi 26.
Wiki ya 5: nyuzi 21 hadi 23.

Mjini Morogoro, wakati wa mchana wenye jua, huenda joto la kuwasha lisihitajike baada ya wiki ya tatu. Usiku ni jambo lingine. Uamuzi wa kuondoa joto ufuate usomaji wa saa kumi alfajiri, si wa saa nane mchana.

Siku ya kununua

Mnunuzi amuulize muuzaji mambo manne na majibu yaandikwe kwenye risiti au kwenye karatasi yenye saini: tarehe ambayo vifaranga walianguliwa, kituo walikototoleshwa, aina yao, na chanjo walizokwisha kupewa. Chanjo ya mareksi hutolewa siku ya kwanza kituoni; haifai kuahirishwa hadi nyumbani. Chanjo za mdondo na gumboro hufuata baadaye kwa ratiba ya mtaalamu wa mifugo.

Boksi lifunguliwe mbele ya muuzaji na vifaranga wahesabiwe. Kifaranga mwenye afya ana macho maangavu, malaika makavu, miguu iliyonyooka na kitovu kilichofunga na kukauka. Akilazwa chali juu ya kiganja, hujigeuza na kusimama ndani ya sekunde chache. Mnunuzi achukue vifaranga 10 kutoka sehemu mbalimbali za boksi na kuwakagua hivyo. Wakionekana wawili au watatu wenye kitovu kilicho wazi au kinachonuka, asilichukue boksi hilo. Muuzaji mwaminifu hakasiriki anapokaguliwa.

Kanuni hizi haziwi fadhila ya muuzaji. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Vifaranga waliouzwa kama chotara wa mayai wakawa wa aina nyingine, au waliosemekana kuchanjwa ilhali hawakuchanjwa, ni suala la kisheria. Lakini sheria husaidia mwenye ushahidi, na ushahidi wa kwanza ni risiti.

Safari ya kupanda mlima

Boksi la vifaranga 100 kwa kawaida lina vyumba vinne vya vifaranga 25 kila kimoja, ili wapashane joto bila kubanana. Mnunuzi asiwahamishie katika kiroba wala katika ndoo. Boksi lisiwekwe juu ya paa la basi, wala mbele ya pikipiki bila kizuizi cha upepo. Upepo wa pikipiki inayopanda mlima jioni huondoa joto la kifaranga upesi kuliko ubaridi wenyewe. Boksi lifunikwe pande zinazopigwa na upepo, matundu machache yabaki wazi upande wa pili. Kulifunika lote kwa nailoni ni kuwaua kwa kukosa hewa.

Wanaotoka mjini kwenda Mgeta, Kinole au Matombo wapange kufika kabla ya saa tisa alasiri. Vifaranga wanahitaji saa kadhaa za mwanga ili wapate joto, wajifunze chombo cha maji kilipo, na wale kabla ya giza. Waliofika saa mbili za usiku huingia kwenye baridi kali kuliko zote wakiwa na njaa na kiu.

Usiku wa kwanza

Maji ya kwanza yawe ya uvuguvugu. Maji ya kijito cha mlimani, yakinywewa moja kwa moja, hushusha joto la kifaranga kutokea ndani. Kila kifaranga achovywe mdomo kwenye maji mara moja, kisha aachwe akanywe mwenyewe. Chakula kimwagwe kidogo juu ya magazeti yaliyotandikwa, ili wakione.

Baada ya saa moja, mwenye vifaranga asimame kimya awaangalie. Wakienea kote, wengine wakila na wengine wakilala, joto ni sahihi. Wakirundikana chini ya chanzo cha joto huku wakilia kwa sauti kali, wana baridi. Wakikimbilia ukingoni na kuhema midomo wazi, joto limezidi. Wakijikusanya upande mmoja, upo upepo unaoingia upande wa pili, na tundu lake litafutwe. Njia nyingine ni kuugusisha mguu wa kifaranga shavuni: ukiwa wa baridi, naye ana baridi, hata kama kipimajoto kinasema vinginevyo.

Kabla ya kulala, wachukuliwe vifaranga 10 na kupapaswa gole. Gole lililojaa na kuwa laini linaonesha kifaranga amekula na kunywa. Gole tupu ni ishara kwamba hajapata joto la kumwezesha kutembea hadi kwenye chakula. Kisha pawepo ukaguzi saa nne, saa saba na saa kumi za usiku. Familia nyingi huamka mara moja, tena saa saba, ilhali baridi kali huja karibu na alfajiri.

Joto bila hewa ni hatari kwa ndege na kwa watu

Katika kukimbia baridi, wapo wanaoziba kila tundu la banda. Matokeo yake ni unyevu, moshi na harufu ya amonia inayochoma macho. Vifaranga hupata magonjwa ya njia ya hewa na matandiko hulowa. Kanuni ni kuzuia upepo chini na kuruhusu hewa juu. Pazia la viroba au turubai lifungwe kuanzia chini, na nafasi ya sentimita 30 ibaki wazi karibu na paa, upande usiopigwa na upepo. Mtu akiingia bandani macho yakamwasha, naye kifaranga anateseka, tena zaidi, kwa kuwa yuko karibu na sakafu.

Tunasisitiza jambo moja kuliko yote yaliyomo katika mwongozo huu. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Makaa yaliyokwisha moshi na kuwa mekundu bado huitoa. Mtu aliyelala hawezi kuamshwa nayo. Katika vijiji vya baridi ipo desturi ya kuwaleta vifaranga chumbani na kulala nao pamoja na jiko, kwa nia njema ya kuokoa mkaa. Desturi hiyo iachwe. Hakuna boksi la vifaranga lenye thamani ya uhai wa mtoto mmoja. Jiko la mkaa lisiwekwe katika chumba wanamolala watu, wala katika chumba kinachopakana nacho chenye mlango au dari iliyo wazi. Mtu akiumwa kichwa, akisikia kizunguzungu, kichefuchefu au kuishiwa nguvu karibu na jiko, atolewe nje kwenye hewa safi mara moja na apelekwe kituo cha afya.

Moto nao ni hatari ya kweli, kwa sababu maranda makavu hushika upesi. Jiko likae juu ya matofali na lizungushiwe wavu. Balbu itundikwe kwa mnyororo au waya imara wa chuma, sentimita 45 au zaidi juu ya matandiko, isitundikwe kwa waya wake wa umeme. Ndoo ya mchanga iwepo mlangoni. Vilevile, vifaranga wasilelewe jikoni, na kila aliyewashika anawe mikono kwa sabuni, hasa watoto, kwa kuwa kuku wanaoonekana wazima wanaweza kubeba vimelea vya magonjwa ya tumbo.

Vifo vinapotokea

Liwepo daftari. Kila siku ziandikwe tarehe, usomaji wa joto mara tatu, idadi ya waliokufa na chakula kilicholiwa. Dakika tano za kuandika ndizo zitakazoamua baadaye nani abebe hasara. Mnunuzi mwenye risiti, picha za kitovu kilicho wazi zilizopigwa siku ya kupokea, na daftari linaloonesha nyuzi 33 kila usiku ana hoja nzito mbele ya muuzaji. Mnunuzi asiye na lolote kati ya hayo ana maneno matupu, hata kama anasema kweli.

Vifo vikizidi wachache katika siku tatu za mwanzo, muuzaji aarifiwe siku hiyohiyo, kwa maandishi au kwa ujumbe wa simu unaohifadhika. Mizoga miwili au mitatu iliyokufa karibuni, ikiwa imefungwa kwenye mfuko safi na kuwekwa mahali pa baridi, ipelekwe kwa afisa mifugo wa kata. Mkoa wa Morogoro una bahati ya kuwa na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), ambacho kina wataalamu wa tiba ya mifugo wanaoweza kupasua mzoga na kueleza chanzo cha kifo. Maelezo yao yaliyoandikwa yana uzito kuliko mabishano ya sokoni. Mizoga iliyobaki ichomwe au ifukiwe kwa kina. Isitupwe mtoni, kwani maji ya Uluguru huteremka hadi Mto Ruvu na kunywewa na watu wengi.

Muuzaji akikataa kusikiliza, malalamiko yapelekwe kwa afisa biashara au afisa mifugo wa halmashauri, na kwa Tume ya Ushindani pale ambapo mnunuzi amepotoshwa. Malalamiko yaambatanishwe na nakala za risiti, daftari na taarifa ya mtaalamu. Nakala halisi zibaki kwa mnunuzi.

Maswali ya kujibu kabla ya kutoa fedha

Je, banda limefikia nyuzi 32 katika usiku wa majaribio? Je, gharama ya joto kwa siku 28 imeshatengwa pembeni ya fedha za vifaranga na chakula? Je, upo mbadala iwapo umeme utakatika au mkaa utalowa? Je, yupo mtu aliyekubali kuamka saa kumi alfajiri? Je, watu wa nyumbani watalala mbali na jiko?

Atakayejibu ndiyo kwa yote matano anaweza kununua hata katikati ya Julai. Atakayejibu hapana kwa moja, tunamshauri ama apunguze idadi ya vifaranga hadi kiwango anachoweza kukipasha joto, ama asubiri Septemba, baridi itakapopungua na sehemu ya pili ya bei itakapokuwa ndogo.